Maziwa ya Mama Tabitha (6): Radhi Iliyosomwa Kanisani

Kama gazeti la wiki iliyopita lilikupita, hasara si kubwa. Nitakurudisha njiani kwa maneno machache.

Mimi ni Catherine, mwandishi wa habari wa hapa Arusha. Gazeti lililoniajiri lilipopunguza watu, nilifungua ukurasa wangu wa habari mtandaoni. Siku moja namba nisiyoijua ilinitumia picha ya geti la bluu na keni za maziwa, pamoja na maelezo kwamba mjane mmoja upande wa Meru anatia kwenye maziwa dawa ya kuhifadhia maiti ili yasiharibike njiani. Nikaandika. Jina sikutaja. Nilitaja geti, ujane, keni, na mashine ya kumenyea kahawa iliyo jirani.

Watu elfu arobaini walisoma siku hiyo hiyo.

Mjane mwenyewe ni Tabitha, mama yangu mdogo. Mama aliyenizaa alifariki nikiwa na wiki mbili. Tabitha alikuwa na mtoto wake, Yona, wa mwezi mmoja, akanichukua akatunyonyesha wote wawili. Lile geti sikulitambua kwa sababu nilikuwa sijapanda kwenda nyumbani kwa miaka miwili. Lilipakwa rangi mimi nikiwa mjini, nikihudhuria semina.

Nimenyonya kwa mwanamke yule, halafu nikawaambia watu elfu arobaini kwamba maziwa yake yana sumu. Wiki tano nimekuwa nikilizungukazunguka hilo bila kulisema. Leo nimelisema.

Mtaalamu wa mifugo alishapima, akakuta ni maziwa matupu. Nikaifuta habari yangu. Lakini iliyofutwa kwangu ilikuwa imeshahamia kwingine: ukurasa mmoja wa Nairobi uliichukua ukaongeza picha ya jeneza, mwingine wa Kampala ukaongeza watoto watatu waliokufa ambao hawakuwahi kuzaliwa. Kijijini wateja wakaanza kumwaga maziwa yake mbele ya geti lake.

Hapo ndipo nilipoishia, na barua ya wakili wa Yona mkononi. Siku saba: nikanushe, niombe radhi, nilipe fidia, la sivyo tuonane mahakamani.

*

Ofisi ya wakili wangu, Wakili Namelok, iko Ngarenaro, ghorofani, juu ya karakana ya kuchomelea mageti. Ukiongea naye inabidi usubiri grenda ya kukatia vyuma inyamaze.

Nilikwenda Alhamisi, na nilikwenda na majivuno, sitaki kudanganya. Sheria ya kashfa ndiyo jambo pekee ninalolijua vizuri duniani. Vyeti vya semina ninavyo vinane. Nikamwambia Wakili kwamba zile zama za mwandishi kufungwa kwa kashfa zimekwisha. Nikamkumbusha Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, iliyoko hapa hapa mjini kwetu, ilivyokataa kifungo kwa kashfa katika kesi ya mwandishi mmoja wa Burkina Faso. Nikamtajia Kenya, ambako Mahakama Kuu ilikifuta kifungu cha kashfa ya jinai mwaka 2017. Nikamtajia Sierra Leone. Nikamalizia na kwetu wenyewe, mwaka 2023, sheria ya huduma za habari iliporekebishwa na kashfa ikaacha kuwa jinai. Siku ile waandishi tulikumbatiana hotelini, tukapiga picha.

Wakili Namelok ni mama wa Kiarusha, mtulivu, haandiki kitu mpaka umalize. Grenda ikanyamaza.

"Dada Catherine, umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Mahakama zote hizo zimekuokoa wewe usilale ndani. Nami nashukuru, maana zamani saa hizi ningekuwa nakutafutia wa kukudhamini. Sasa niambie ni ipi kati ya hizo inayomrudishia huyu mama wateja wake."

Akaniambia kesi ni ya madai na mimi nitashindwa. Kutotaja jina hakunisaidii kitu, kwa sababu kijiji kizima kilimjua aliyesemwa. Kisha akaniinamia mezani akanipa onyo moja, akalirudia mara mbili. Nisije nikasema mahali popote, kwa mtu yeyote, kwamba nilijua habari ile ni ya uongo. Nilikosea, sikuhakikisha, basi, hayo ni mambo ya fidia. Lakini mtu anayetangaza uongo mtandaoni huku anajua ni uongo, huyo bado ana sheria yake ya makosa ya mtandao, na katika ile, jela imo.

"Umenielewa?"

Nikamwambia nimemwelewa.

"Basi kaombe radhi. Na radhi ifike pale tusi lilipofika."

Mtandaoni nilikuwa nimeshaomba. Waliosoma radhi yangu walikuwa mia mbili na kumi, na nusu yao waliweka vikaragosi vya kucheka. Tusi lilikokwenda kukaa ni mlimani, midomoni mwa watu waliozoea kunywa maziwa ya Mama kila asubuhi. Na watu wale wote hukutana mahali pamoja, mara moja kwa wiki.

*

Jumamosi nikapanda na barua. Niliiandika kwa mkono, ukurasa mmoja: kwamba mimi Catherine nimemkosea Tabitha, kwamba maziwa yake ni safi, kwamba naomba radhi kwake na kwa usharika wote. Nikampelekea Mzee Frederick, mzee wa kanisa anayesoma matangazo tangu mimi nikiwa Shule ya Jumapili. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku akitazama migomba, akaiweka barua kwenye faili lake.

Jumapili nilikaa benchi la nyuma. Mama alikaa mbele, na kitenge chake cha umoja wa wanawake. Benchi lake linatosha watu sita. Alikaa peke yake.

Yona alikuwa karibu na dirisha. Yeye ni dereva wa watalii, anaishi mjini, lakini tangu mambo haya yaanze alikuwa hakosi kanisani kwa mama yake. Hakunitazama. Sikumlaumu, mwanaume ambaye mama yake ametukanwa hivyo ana haki ya kukaza uso.

Wewe usiye Mlutheri wa huku inabidi nikueleze kidogo. Msharika aliyetengwa kwa kosa anapotaka kurudi, huwaandikia wazee barua. Jumapili jina lake linasomwa, anakwenda mbele, anapiga magoti, anaombewa. Tunaita kurudi kundini. Mzee Frederick amepokea barua za namna hiyo miaka yote ya uzee wake, na zote zina maneno yale yale: nimekosa, naomba radhi kwa usharika. Yangu aliipitisha macho akaiweka pamoja na zenzake. Halafu akatafuta jina kwenye daftari la washarika. Langu halikuwamo, usharika wangu ulihamia mjini zamani. Katika barua nzima, jina lililokuwa kwenye daftari lake lilikuwa moja tu.

"Anayerudi kundini leo," akasoma, "ni mama yetu Tabitha Sumari, kwa habari ya maziwa."

Ukapita kanisani mnong'ono wa watu waliopata uhakika wa kitu walichokuwa wanakishuku.

Mama hakuuliza. Aliweka kitabu cha nyimbo benchini, akasimama, akaenda mbele kwa ule mguu wake unaomsumbua, akapiga magoti. Ilimchukua muda kushuka. Mchungaji siku hiyo alikuwa safarini, aliyeongoza ibada ni mwinjilisti kijana aliyekuwa na mwezi mmoja usharikani. Akamwekea Mama mkono kichwani, akamwombea asamehewe.

Hapa ndipo ninapoungama.

Nilikuwa na nafasi ya kusimama. Si nafasi ndogo, maombi yalikuwa marefu. Ningesema tu, jamani, mkosaji ni mimi, barua ni yangu. Mimi niliyewahi kushika maikrofoni mbele ya waandishi wa nchi saba nikidai haki ya kusema, niliona aibu kwa watu wa kijijini kwetu. Nikaangalia viatu vyangu. Niliposema moyoni sasa nasimama, kwaya ikaanza kuimba.

Sikusimama.

*

Baada ya ibada huwa kuna mnada nje. Waliotoa sadaka ya vitu, mayai, kuku, parachichi, mkungu wa ndizi, vitu vyao vinanadiwa pale pale na fedha inaingia kanisani. Mama hajawahi kukosa kitu kwenye mnada ule. Zamani alileta maziwa. Tangu habari yangu itoke alileta ndizi, na Jumapili nne mfululizo hakuna aliyezipandia dau. Mnadi aliuliza mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha akazisogeza pembeni kimyakimya, na Mama akarudi nazo nyumbani. Hayo niliambiwa. Ya siku hii niliyaona.

Mkungu wake ukanyanyuliwa. Nikatia mkono mfukoni, nimejiandaa kuupandia mimi peke yangu.

Mtu mmoja akataja bei. Mwingine akapandisha. Mama mmoja, kati ya wale waliomwaga maziwa getini, akapandisha zaidi. Dau likaenda mpaka mara nne ya bei ya soko la Tengeru, na mnadi akawa anatabasamu. Aliyeshinda akafanya kile tunachokifanya tukimpenda mtu: akaununua mkungu, akalipa, kisha akamrudishia mwenyewe awe zawadi. Watu wakapiga makofi. Wanawake wakamfuata Mama mmoja mmoja, wakamshika mkono.

Walikuwa wamemsamehe kosa ambalo hakulifanya.

Naye akasimama katikati yao, ameukumbatia mkungu wake mwenyewe, anaitikia asante, asante, Mungu awabariki. Nimeona watu wakilia misibani. Sijawahi kuona uso uliokauka namna ile.

*

Nyumbani alinikaribisha. Nilitamani asinikaribishe. Alichemsha chai, akanipa kigoda changu cha zamani, akakaa na mguu wake ameunyoosha. Nikapiga magoti nikamweleza habari ya barua, jinsi ilivyokuwa imeandikwa, jinsi ilivyosomwa.

Akasikiliza mpaka mwisho.

"Nilijua," akasema. "Niliposikia jina langu nikajua hapo pamekosewa. Lakini ningebishana na Mzee Frederick mbele ya kanisa, wangesema nina kiburi pia."

Yona alikuwa mlangoni. Akasema kwa sauti ya juu kwamba sasa fidia lazima iongezwe, kwamba Jumatatu anaonana na wakili wake. Mama akainua mkono kumnyamazisha. Akasema yeye kesi haitaki, fidia haitaki. Ana swali moja.

"Nimeshatubu, mwanangu. Nimebaki kutojua nimetubia uongo wa nani. Nani alikwambia?"

Nikamweleza kile nilichofundishwa, kwamba mwandishi hamtaji aliyempa habari, kwamba nilimwahidi mtu yule na ahadi ile ni kama kiapo kwetu. Nilipokuwa nasema nikajisikia jinsi nilivyo mjinga, nimepiga magoti sakafuni kwa mwanamke aliyenilea, namsomea kanuni za semina. Isitoshe, nikamwambia, hata mwenyewe simjui. Nina namba tu.

"Itafute hiyo namba inamilikiwa na nani," akasema Mama. "Ukishajua, njoo uniambie."

Yona akatoka kwenda kuwakatia ng'ombe majani. Chai yake aliiacha bila kuigusa.

*

Jumatatu nikampelekea Wakili Namelok ile namba. Nilitegemea aniambie habari za kuandikia kampuni ya simu na kuomba amri ya mahakama. Akatoa simu yake, akafungua sehemu ya kutuma pesa, akaandika namba ile na kiasi cha shilingi elfu moja. Kabla hujathibitisha kutuma, simu hukuonyesha jina la mwenye laini. Mama ntilie wa chini pale anajua hilo. Mimi mwenye vyeti vinane, wiki sita nzima, sikuwa nimejaribu. Ukitaka ukweli, nilikuwa siutaki.

Akatazama kioo, kisha akanigeuzia simu.

TABITHA SUMARI.

Grenda chini iliendelea kulia muda mrefu. Nilidhani nimechanganyikiwa. Mama angejitangaza mwenyewe kwa sababu gani?

"Tulia," akasema Wakili. "Laini inasajiliwa kwa kitambulisho na kidole. Nani mwingine anatumia laini iliyosajiliwa kwa kidole cha mama yako?"

Nikamjibu kabla sijafikiri. Namba ya kitambulisho ya Yona ilichelewa karibu miaka mitatu, na alihitaji laini ya kazi. Mama alishuka naye mpaka dukani Tengeru, akaweka kidole chake, kama wazazi wengi wa huko walivyowafanyia watoto wao. Nilikuwepo. Nilinunuliwa soda. Namba yenyewe sikupewa, ilikuwa ya wageni wake wa kazini.

Wakili Namelok akaegemea kiti. Akasema ikiwa ni hivyo, kesi yao imekufa leo hii. Tunamwandikia wakili mwenzake barua moja fupi, jioni Yona mwenyewe atakuja kuomba yaishe.

"Na Mama?" nikamuuliza.

Akasema hilo hakulisomea.

*

Nilimpigia Yona kwa ile namba. Ikaita mara mbili.

"Kathe," akasema. Hakujaribu hata kubadilisha sauti.

Nilikuwa nimeandaa matusi, yakaniishia. Nikamuuliza kwa nini tu.

Akaniambia. Mama alianguka mara mbili mwaka jana akiwa na mzigo wa majani kichwani, mara ya pili alilala mtaroni mpaka akapita mtu. Ule mguu haujapona tangu siku ile. Yeye Yona alimwomba auze ng'ombe, Mama akakataa. Akamwomba ahamie mjini kwake, akakataa. Watu wakawa wanamsema yeye kwamba ana gari la wazungu na mama yake anabeba majani. Kule Namanga dereva mwenzake akampa habari ya maziwa yaliyotiwa dawa upande wa pili wa mpaka. Akaona hapo kuna njia. Habari kidogo, bila jina, wateja wapungue, Mama achoke mwenyewe, aache.

"Nilijua hutamtaja jina," akasema. "Nilijua wewe ni mwangalifu. Nilidhani ukiliona geti utajua ni kwa nani, utanipigia tuongee. Sikujua kama hulijui geti la kwenu."

Kisha nikamuuliza kuhusu barua ya wakili.

"Kijiji kizima kiliniuliza mimi ni mwanaume gani, mama yangu anatukanwa nimekaa kimya. Ningefanyaje, Kathe?"

"Ungesema ukweli."

Akaanza kulia. Yona hakulia hata siku tulipomzika baba yake. Akasema Mama ameshazika mume, ameshazika dada, akijua hili naye atakuwa amekufa kwake. Ng'ombe atabaki nao, watu watamrudia, lakini mtoto hatakuwa naye. Kisha akanikumbusha maneno yangu mwenyewe, yale niliyowahi kumtambia siku nilipopata cheti cha nane: kwamba mwandishi anakubali kuozea jela kuliko kumtaja aliyemwamini.

"Ulisema hivyo au hukusema?"

Nilisema hivyo.

*

Jumatano mchana Mama na Yona walikuja wote wawili kwangu mjini, Sokon One. Mimi nina chumba kimoja na sebule ndogo. Mama alikuwa hajawahi kufika. Alitazama ukutani, kwenye vyeti vyangu vya semina nilivyoviweka kwenye fremu, akasema ni vizuri.

Kwenye kikapu alikuwa na chupa ya maziwa. Akaomba vikombe viwili, akamimina kimoja kwangu, kimoja kwa Yona.

"Kunyweni."

Tukanywa. Maziwa yalikuwa bado na joto, na utamu ule ule. Yona alikunywa akiwa amefumba macho.

Mama akakipangusa kikombe changu ukingoni kwa kidole gumba, kama alivyokuwa akifanya nikiwa mdogo, akaanza kusema.

"Sikuja kukushtaki. Ya kanisani yamekwisha, nimeshapiga magoti. Lakini nikipita njiani kila mtu namtazama, najiuliza, ni huyu? Jirani yangu Mama Lucky alinisalimu jana, nikaona ana macho ya uongo. Mama Lucky aliniuguza nilipovunjika. Nimeanza kuwachukia watu ambao hawajanikosea, Catherine. Niko mzee, sitaki kufa na moyo wa namna hii. Niambie ni nani, hata akiwa mtu mbaya kiasi gani, nimjue mmoja, nipumzike na wengine."

Yona alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Mama, ameshika kikapu. Uso wake ulikuwa umelegea kabisa. Nilimsubiri. Naapa nilimsubiri, nikahesabu moyoni mpaka ishirini, nikimpa nafasi aseme yeye. Alitazama vyeti ukutani.

Nikafikiria njia zote. Nikimtaja, Mama atapata majirani wake na kumkosa mwanawe. Nikikataa kumtaja, ataendelea kuwachukia watu mmoja baada ya mwingine mpaka abaki peke yake na ng'ombe. Kulikuwa na njia ya tatu, jina moja ambalo lingewaachilia wote, wa kijijini na huyu aliyesimama hapa. Na onyo la Wakili Namelok nilikuwa nalikumbuka neno kwa neno.

"Hakuna mtu, Mama," nikasema. "Hakuna aliyeniambia. Niliitunga mwenyewe."

Hakushtuka. Alinitazama tu, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Ulijua ni uongo?"

"Nilijua."

"Na picha ya geti?"

Hilo sikuwa nimelipanga. Nikasema la kwanza lililokuja mdomoni, kwamba nilipita siku moja na gari la kazi, nikapiga picha, nikaendelea na safari.

Mama akainamisha kichwa. Nilidhani anatafuta neno la kunilaani, na ningelipokea.

"Ulifika getini kwangu," akasema, "ukaondoka bila kuingia."

Katika yote niliyomfanyia, hilo ndilo lililomvunja, na hilo sikulifanya. Machozi yakamtoka bila sauti. Nikanyoosha mkono, akausogeza pembeni, si kwa hasira, kama mtu anayeondoa kitu kinachomzuia kuinuka. Akavaa kanga yake vizuri, akashika ukuta, akatoka mwenyewe. Hakuniaga. Mlangoni alisema neno moja tu, hakulisema kwangu, alilisema kwa Yona.

"Tumebaki wawili."

Yona hakumfuata mara moja. Nikafikiri, sasa. Sasa atasema, atamkimbilia hapo nje amwambie, na mimi nitamsamehe palepale. Akaja mpaka mezani. Macho yake yalikuwa mekundu kweli, hayakuwa ya kuigiza.

"Asante, dada," akasema.

Akatia mkono ndani ya koti, akatoa karatasi iliyokunjwa mara mbili, akaikunjua juu ya meza kati ya vikombe. Akasema wakili wake anahitaji maneno yale yale kwa maandishi, ili Mama asije siku moja akaanza kuuliza upya.

Ilikuwa imeshachapwa. Mimi Catherine, nilitunga habari ile mwenyewe, nikijua ni ya uongo. Juu kulikuwa na tarehe ya jana, kabla sijamwambia Mama neno lolote. Chini pamebaki mstari mtupu wa sahihi yangu.

"Yona," Mama akaita kutoka nje, sauti yake ikiwa imeshatulia. "Twende, ng'ombe hawajakamuliwa."

Yona akatoa kalamu, akaifungua, akanipa.